Chungu Kilichokula Msuku wa Limi

Mollo, Sumbawanga

Kwa dada yangu Kabula,

Shikamoo dada. Mpe na mama shikamoo yangu kabla hujaendelea, maana najua unamsomea kwa sauti. Mguu wake unaendeleaje? Na mvua mmepata, au mnaziangalia tu zikipita kwenda kwa wenzenu? Sisi huku ni wazima wa mwili. Upepo wa huku juu ni ule ule, unaingia hadi kwenye mifupa, na ulezi kidogo tumevuna. Ya roho ndiyo nitakayokuandikia. Nikifika mahali pabaya nitakuambia, nawe ujifanye umechoka kusoma.

Dereva wa lori la maharage atakukabidhi mzigo pamoja na barua hii. Ni kile chungu cha chuma ulichoniomba. Uliandika kwamba umesikia kinakaa na moto muda mrefu na kinaokoa kuni, na kwamba mama hawezi tena kwenda mbali kuokota. Ni kweli dada, kinaokoa. Ila kinaokoa jikoni kwako tu. Kuni zake kimeshazila huku kabla hakijapanda lori.

Ilianza hivi. Ruzuku ya mbolea ilipoondolewa, mahindi yalitushinda. Shemeji yako, Baba Limi, akasema siku hizi kila biashara ni ruksa, mjinga ni anayekaa. Akauza ng'ombe, akaungana na fundi mmoja aliyepunguzwa kazi kiwandani, wakajenga tanuru nyuma ya nyumba. Wanayeyusha vyuma chakavu, wanavimimina kwenye kalibu za mchanga, vinatoka vyungu. Hata plau letu tulilotoka nalo huko liliingia motoni. Chuma si aluminiamu, dada. Aluminiamu inayeyuka upesi kama samli. Chuma unakimwagia gunia la mkaa baada ya gunia, watu wanapokezana kuvuta mvukuto mpaka mabega yanakufa, nacho kinakutazama tu.

Tanuru lenyewe lilitaka udongo wa kichuguu, kwa sababu haupasuki kwa moto. Pembeni ya shamba la jirani yetu, Mama Sesilia, mjane wa Kifipa, kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu, katikati ya misuku, ile miti ya matunda ya porini. Ni pale pale alipotupa nafasi ya kumzika Limi mwaka ule tulipohamia. Nilikuandikia. Kwetu mtu huzikwa penye mji wake, na sisi hatukuwa na mji bado, ndipo yeye akasema, "Mleteni kwangu, alale chini ya msuku." Tangu hapo kila msimu wa masuku nilikuwa nakwenda kukaa chini ya mti ule, naokota yaliyodondoka, nazungumza naye kidogo. Mliponiita nirudi nyumbani nikakataa, mkasema nimenogewa na Sumbawanga. Dada, sikunogewa na kitu. Nilikuwa na msuku ule tu.

Basi tukakibomoa kichuguu, nami nikabeba udongo kichwani. Mama Sesilia alikuwa amekwenda kwa binti yake, kijijini Mwazye. Aliporudi alisimama pale, mikono kiunoni.

"Mama Limi, mmefanya nini? Hicho si kichuguu! Hilo ni ilungu, tanuru la babu zetu la kuyeyushia chuma."

Nikamwambia hatukujua, sisi wa kuja tuliona udongo tu.

"Basi mjue. Na wao walikuwa wanatoa majembe, siyo vyungu. Jembe linakulimia, linakurudishia ulichochoma. Chungu tunafinyanga, tunakichoma kwa majani makavu na kuni za mkono mmoja, na ugali unaiva. Nyie mnachoma mlima mzima mpikie ugali ule ule?"

Baba Limi alicheka, akasema mama huyu haoni maendeleo. Mimi nilicheka pia, dada, kwa vile alivyosema. Hakutufukuza. Alikataza jambo moja tu, kwamba miti iliyo hai pale isiguswe.

Mkaa ukawa unatoka kule kwenye mteremko wa kushukia bondeni, na kila safari watu wanakwenda mbali zaidi, mpaka wakachoka wakaacha. Fundi naye akaondoka. Halafu watu wa mjini wakaagiza vyungu vingi kwa pamoja, na tanuru limepoa.

Hapa usimsomee mama.

Nilikuwa Izia, namuuguza rafiki yangu aliyejifungua vibaya. Niliporudi niliona moshi shambani kwa Mama Sesilia. Misuku yote imelala. Imepangwa, imefukiwa kwa udongo, inaungua polepole kuwa mkaa, na udongo wa kuifukia umechotwa pale pale, kila upande. Jiwe nililokuwa nimeliweka halipo. Hata kisiki sikukitambua.

Nikamwuliza Baba Limi, "Limi yuko wapi?"

Akaonyesha hapa. Kisha akaonyesha kule. Kisha akakaa chini, akashika kichwa, akalia kama siku ile tulipomzika. Tukaanza kutafuta kwa mikono, wote wawili, mpaka Mama Sesilia akaja akatushika mabega. "Acheni jamani," akasema, "mtamfukua." Tangu siku hiyo hajaniambia neno mpaka leo.

Mlituonya tusije huku, tutapigwa radi. Radi haikutupiga, dada. Moto tumeuwasha wenyewe. Baba Limi bado anasubu vyungu. Anasema akiacha sasa, msuku utakuwa umekatwa bure. Simchukii, sina nguvu hiyo. Asubuhi nafagia majivu, na nikifika mwisho wa uwanja sijui niangalie upande gani.

Nisalimie kaka Maganga, mwambie plau lake asimpe mtu wa vyuma chakavu hata akibembelezwa. Nisalimie shangazi aliyenifundisha kusonga ugali, na wifi yangu mwenye mapacha.

Chungu hiki kimetoka kwenye mkaa ule. Nilitaka nikitupe, kisha nikaona msuku umeshaungua, na mama bado hana kuni. Kipikieni. Ila kila mkisonga, tonge la kwanza liwekeni chini, mseme ni la Limi, amefika nyumbani. Najua mama atauliza kwa nini ugali. Mwambie ndicho tulichonacho. Usimkumbushe kwamba Limi alikufa hajaota hata jino.

Ni mimi mdogo wako, ambaye watu bado wananiita

Mama Limi