Zege la Baba Martha

Jumatano, 6 Agosti 2025

Siku ya kumi na tisa bila Baba Martha. Nyumba imekuwa kubwa mno! Nimepika tena maharage ya watu wawili, nikayala yote peke yangu kwa hasira.

Leo nimeukagua ua. Kutoka mlangoni mpaka jikoni kuna mapande sita ya zege. Mawili ya katikati yamezama, karibu kiganja kizima. Hapo ndipo alipojikwaa. Tangu kiharusi cha mwaka jana mkono wake wa kushoto hauna nguvu, na mguu wa upande huo anauburuta. Alianguka chali, mimi niko ndani nashona. Mlio ule bado ninao masikioni.

Martha, binti yetu, alikuja kesho yake kutoka Mwakiro akamchukua. Kwake ua ni udongo mtupu, umeshindiliwa ukawa sawa. Akasema: mpaka kwenu patengenezwe, Baba harudi. Na daktari kasema akianguka mara ya pili, huenda asiinuke. Sawa, nimeelewa. Lakini nasikia wameshamtengea chumba, wamemnunulia na godoro. Godoro jipya! Mtu wa kurudi kwake hanunuliwi godoro.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimempigia simu Baba Martha. Nimegusia habari ya fundi, taratibu tu. Moto ukawaka! Zege lake lisiguswe na mtu. Yeye ni fundi wa miaka arobaini, amejenga tangu kambi ya wakimbizi kule Kasulu mpaka hapa Magarama, leo aletewe fundi mwingine uani kwake? Atalitengeneza mwenyewe mkono ukipona.

Mkono ule hautapona. Hata kikombe unaangusha. Sikumwambia.

Nikamwuliza kama anakula. Kasema Martha anatia chumvi kidogo mno. Halafu akaanza wimbo wake wa siku zote: zege lilizama kwa sababu yangu, kwa maji ya vyombo ninayomwaga palepale tangu 2011. Siku nyingine ningekasirika. Leo nilitamani aendelee tu kunigombeza. Simu ikakatika.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefanya. Basi, nimefanya.

Baada ya misa nilimpitia Marceline, yule Mkongo anayeniuzia vitenge. Akasema yuko fundi wa kwao, anaitwa Birindwa, hana maneno mengi. Saa tisa mtu huyo kafika, bado na suti ya kanisani. Mfupi, mpole. Hakuanza kwa kusema bei wala kwa kutikisa kichwa kama wanavyofanya mafundi wote (na mume wangu Audax pia, Mungu anisamehe). Aliinama akagonga zege kwa jiwe, pande baada ya pande, anasikiliza.

“Mama, dale hizi ziko bazima. Beto ni ya muntu mwenye anajua kazi. Shida iko ku chini.” Mafundi huita mapande dale, na zege beto.

Nilijisikia fahari utadhani nimesifiwa mimi. Akauliza nani alimwaga. Nikasema mume wangu, naye ni fundi. Akauliza: amekubali? Nikasema ndiyo, amekubali.

Uongo, na siku ya Bwana! Anaanza keshokutwa, ili tuiwahi mvua ya Septemba.

Jumanne, 12 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Birindwa na mwenzake Néhémie wamekuja asubuhi na mitarimbo, na jeki kubwa ya lori. Pande la kwanza wameliinua zima, bila ufa. Nikapiga makofi kabisa. La pili lilipofika nusu likalia – paa! – likapasuka katikati. Birindwa akalitazama, akachomeka nondo kwenye udongo wa chini. Nondo ikazama yote, nusura na mkono wake ufuate.

Shimo! Si la panya. La mviringo, la kumfika mtu kifuani. Ndani majani meusi na vigogo vya migomba vilivyooza vikawa uji. Birindwa akacheka kidogo. Ni shimo la kuivishia ndizi za pombe. Waliotuuzia kiwanja walikuwa wanatengeneza urwarwa, hilo mtaa mzima unalijua. Sasa mtu kaja, kajaza shimo majani na migomba, katandaza udongo kidogo juu, kamwaga zege. Majani yanaoza, udongo unashuka, zege linafuata.

Mtu! Mtu gani kama si mwenye mwiko wa nyumba hii?

Kwa hiyo si maji ya vyombo. Miaka kumi na minne nimebebeshwa maji ya vyombo! Nilikaa juu ya ndoo nikacheka mpaka machozi yakatoka, halafu machozi yakaendelea yenyewe. Ningempata hapo hapo ningemtukana kidogo, kisha ningemshika shingoni nisimwachie.

Birindwa akasubiri nimalize. Akasema shimo lizolewe lote, lijazwe mawe na changarawe, tabaka kwa tabaka. Pande zima litarudi mahali pake. Lililopasuka lazima limwagwe upya.

“Lakini mi siwezi vunja kazi ya fundi mwenzangu akiwa hayuko. Bon. Umuite muzee, Mama.”

Alijua kuwa nilimdanganya. Hakunilaumu hata kwa jicho.

Jumatano, 13 Agosti

Nimempigia. Nilisema tu kwamba kuna fundi uani na pande moja limepasuka. Akauliza, sauti ya chini:

“Wameliona shimo?”

Sikuwa nimetaja shimo!

Kumbe alijua. Miaka yote hii alijua. Akasema: wasimwage kitu, nakuja.

Baadaye Martha kanipigia, mkali. Mafuta ya gari yenyewe ni ya kutafutwa kwa tochi, Baba usiku halali vizuri, na mimi namfanyia mambo kwa siri. Atamleta Jumanne, aone, amrudishe. Siku hiyohiyo, Mama. Karudia mara mbili: siku hiyohiyo.

Hana kosa. Anamwogopea. Mimi pia namwogopea, ila namwogopea nikiwa mbali naye, na hilo ni gumu zaidi.

Jumapili, 17 Agosti

Shimo limejaa. Wameshindilia mpaka nyumba inatetemeka. Pande zima limerudi, liko sawa kabisa; mahali pa lile lililopasuka panamngoja mwenyewe. Jana hawakugusa kitu, asubuhi ilikuwa kazi za pamoja mtaani.

Nimefua shuka zetu. Sijui kwa nini. Anarudi Mwakiro siku hiyohiyo.

Jumanne, 19 Agosti

Naandika haraka, nimesimama, daftari juu ya pipa. Nimewaambia naenda jikoni kutafuta ndoo.

Wamefika saa nne kwa njia ya Karuzi. Amekonda! Martha kamshika mkono, kamkalisha kwenye kiti kivulini. Nilitaka kumkimbilia, nikaishia kumsalimia kama mgeni, mbele za watu. Birindwa akavua kofia. Hakumwita mzee.

“Fundi, tulikuwa tunakungojea.”

Nikaona mgongo wa mume wangu ukinyooka.

Akagonga lile shimo lililojazwa kwa fimbo yake, huku na huku, anatafuta kosa. Hakulipata, ikamuuma. Akataka aonyeshwe mchanganyiko. Birindwa akamletea kwenye karai mpaka magotini. Akaufinya kwa ule mkono mzima. Maji yamezidi, akasema. Hayakuzidi, nami nina macho. Birindwa akajibu “ndiyo, Fundi,” akaongeza mchanga kidogo.

Wakati wanamwaga, Martha akauliza: lakini Baba, wewe fundi mzima, ulimwagaje zege juu ya majani? Baba Martha akaangalia fimbo yake.

“Wakwe zako walikuwa wanakuja kukuposa. Zimebaki wiki mbili, mvua ya Aprili haikatiki. Sikutaka wakanyage matope kwetu, waseme binti wa wakimbizi. Nilijua yataoza. Nikasema nitalifumua baada ya harusi. Halafu nikaona aibu.”

Akanigeukia. “Maji ya vyombo nilikusingizia, Leti. Unisamehe.”

Mbele za watu! Miaka thelathini na tisa ya ndoa sijawahi kulisikia neno hilo. Nikasema sawa, kuanzia leo nitayamwaga nitakapo. Wakacheka wote isipokuwa Martha. Yeye kageukia ukuta, anajifuta kwa kitenge.

Kazi ikaisha. Martha kawasha gari. Baba, twende, mafuta yanaungua bure. Hakuinuka.

“Beto changa inataka maji siku saba. Asubuhi, mchana, jioni. Ikikauka ghafla inapasuka. Nani ataimwagia?”

Birindwa akafungua mdomo. Akaufunga, akainama kuosha mwiko wake.

“Mama si yupo?” Martha kasema.

“Mama yako hajui.”

Mimi! Niliyebeba maji ya zege la mtu huyu tangu Kasulu, na mimba ya Martha mwenyewe tumboni! Ninayejua hata gunia la kulifunikia liloweshwe vipi! Nikamtazama. Hakutazama pembeni, macho yake yanacheka na kuomba pamoja. Martha kanigeukia.

“Mama, kweli hujui?”

“Sijui,” nikasema. “Sijawahi kujua.”

Ndoo iko hapa mguuni pangu, sina haja ya kuitafuta. Gari bado linanguruma. Namsikia Martha anafungua mlango wake, anazunguka nyuma ya gari. Anamwuliza baba yake dawa za jioni ziko mfuko upi, amwachie –