Tundu Kwenye Mapafu ya Chupa

Mdogo wangu mpenzi, Mwalimu,

Salamu nyingi kama waya za spika zangu, na unajua waya zangu hazina mwisho. Natumaini u mzima, kikohozi cha chaki kimepungua, na shemeji ameacha kukoroma. Mimi sijambo, tena sijambo sana. Mama naye mzima, bado ananisema kwamba shule ilinishinda kwa sababu ya mdomo.

Wiki iliyopita niliitwa kufunga vipaza sauti kwenye semina ya walimu wa sayansi wa sekondari. Wangemwita nani mwingine? Mji mzima huu, spika zinanijua kwa kikohozi tu. Naingia ukumbini, mkufunzi ni nani? Koti! Yule yule mkuu wako wa idara, aliyeazima mapafu yako ya chupa, ile zana yako ya kufundishia upumuaji, eti awaonyeshe wenzake. Akawaonyesha kweli, ila kwa jina lake, akapandishwa cheo. Ulipolalamika akakuita mropokaji mbele ya mkuu wa shule. Tangu hapo hujatengeneza zana hata moja, unafundisha kwa ubao mtupu, wewe uliyekuwa ukigeuza takataka za mama kuwa somo. Hilo ndilo linalonichoma.

Na chupa yenyewe ilikuwa mezani, ile niliyokushikia ukiikata kitako: maputo mawili ndani, mpira wa kuvuta chini. Juu ya mwandiko wako amebandika karatasi yenye jina lake refu na neno MBUNIFU. Damu ilinipanda hadi masikioni.

Baada ya chai, Koti akawaambia walimu wajifanye wanafunzi wa kidato cha pili. Mwalimu mmoja mnene wa kemia akaomba ruhusa ya kwenda chooni, wakacheka. Koti akavuta mpira. Maputo, badala ya kuvimba, yakalala. Akavuta tena, yakalala kama mimi kwenye mtihani. Yule mnene akauliza kama mgonjwa ameshafariki au waendelee kusubiri. Mama mkaguzi, aliyekaa mbele, akavua miwani.

Lakini Koti ni Koti. Akafuta jasho, akatabasamu, akasema chupa ina tundu, na amelitoboa yeye mwenyewe makusudi, ili walimu wajifunze kutafuta kosa kama watafutavyo wanafunzi wao. Wakampigia makofi! Nusura nile waya.

Nikawasha kipaza sauti changu, nikamuuliza kwa adabu zote: kama amelitoboa yeye, hebu atuonyeshe liko wapi. Akaigeuza chupa, akaipapasa shingo, akakagua mpira, akaisogeza sikioni kama anapigiwa simu. Wapi! Ndipo nikawatangazia ile chupa ni ya nani. Akanijibu kwamba fundi spika arudi kwenye spika zake. Mama mkaguzi akainuka, akaja mezani. Aliinua ukingo wa ile karatasi kwa ukucha, akausoma mwandiko wako, akamwambia Koti akakae.

Sasa sikia. Semina ijayo utaiongoza wewe. Barua ya mama mkaguzi iko njiani. Koti atahudhuria kama mwanafunzi, kiti cha mbele. Na mama mkaguzi anataka uanze na somo lile lile la kutafuta tundu, kwa kuwa Koti alishindwa kulionyesha, naye anaamini hata hilo ni ubunifu wako.

Hapo ndipo nina neno, na usimwambie mama yetu. Tundu nililitoboa mimi, kwa msumari, wakati wao wanakunywa chai. Mtu kakuibia mapafu, halafu mbele ya macho yangu akaniibia na tundu! Usinihubirie msamaha, nitamsamehe nikishazeeka, na mimi sizeeki upesi. Mama mkaguzi mwambie ukweli ukitaka, sitakukasirikia. Ila usikatae kwenda.

Chupa wanayo wao, bado haijazibwa. Tundu limepenya ile karatasi hadi kwenye chupa, ndani ya duara la herufi o ya jina lake. Koti alipapasa kila mahali, pale tu hakugusa. Mpe aanze kutafuta.

Nisalimie shemeji na watoto, wabusu wote isipokuwa shemeji. Mama anakuombea afya. Mimi nakuombea sauti kubwa, na ikipungua, spika ninazo.

Ni mimi kaka yako,
Mzee wa Spika