Kiti ya Mama Ndani ya Helikopta

Siku ya kwanza, ndiyo Jumatatu, tarehe 8 Mei 1995

Didier anaruka na helikopta! Mutoto yangu, minye niliyemuzaa hapa Likasi, anaruka juu ya bahari kule Namibia! Nilikuwa napepeta unga. Georgine, mudogo yangu, aliingia na barua ya Didier. Unga nikaachia kuku. Ni yeye anatuletea barua, juu anaenda Kasumbalesa, mupakani na Zambia, kila mwezi kununua samaki ya chumvi, na madereva ya malori ya toka Namibia wanamujua. Bahasha ilikuwa imefunguliwa. Alisema ni watu ya duane, wale ya ushuru, pale mupakani.

Helikopta ile iko na moteri mbili. Moja ikizimika, ya pili inarudisha watu mpaka nyumbani. Kazi yake ni kulinda pwani. Inatafuta mashua zilizopotea, inafukuza wezi ya samaki, inabeba wagonjwa toka ndani ya meli. Na mwenye kushusha kamba ni Didier! Muntu iko ndani ya maji, anakufa, kamba inashuka, anapanda. Mutoto yangu anamuvuta. Nimeimba mpaka sauti imekauka.

Siku ya tatu, tarehe 10 Mei

Soko yote inajua. Mama Chantal, muuza makala, yaani mukaa, akanichokoza: "Mama Didier, mutoto yako anavua samaki ao watu?" Nikamujibu: "Watu! Samaki inajua kuogelea yenyewe." Walicheka mpaka makala ikaanguka.

Baba Didier anaenda kiwandani kila asubuhi, anakaa karibu na mashini zilizonyamaza, anarudi. Kule moteri mbili, huku hata moja. Lakini leo alitembea kifua mbele.

Siku ya posho, ndiyo Jumamosi, tarehe 13 Mei

Georgine anasafiri tena. Mbio hivi, na mwezi haujaisha? Ameniomba kitenge yangu ya bluu, ile ya chama ya wamama wa parokia. Eti iko sikukuu kwa rafiki yake mupakani. Nimemupa. Mudogo ni mudogo.

Siku ya tano, tarehe 2 Juni

Majuma tatu zimepita. Hajarudi. Samaki gani inanunuliwa majuma tatu? Nimemuombea rozari. Barabara iko na wanyang'anyi.

Siku ya pili, tarehe 6 Juni

Amerudi. Bila samaki. Amenona. Kitenge imefuliwa, imepigwa pasi. Nilimukumbatia, nikalia. Namushukuru Mungu.

Siku ya ine, tarehe 15 Juni

Dereva ya lori amepita hapa mwenyewe, ameniachia barua ya Didier. Anaandika: Mama, usihuzunike, si kosa kuogopa kuruka. Mama Georgine alishika nafasi yako muzuri sana.

Kuogopa? Minye?

Nimesoma mara ine. Mukubwa ya kazi yao aliwaita mama ya wote waliomaliza mwaka wa kwanza. Kila mama alikaa ndani ya helikopta, wakaruka juu ya bahari, mutoto wake akamuonyesha namna anashusha kamba. Karatasi ya kunialika ilikuwa ndani ya barua ya mwezi wa tano. Na jina yangu juu yake. Georgine aliitoa. Akaenda yeye. Akamuambia mutoto yangu kwamba nimekataa.

Iko na foto. Ameketi karibu na mulango, kofia ngumu kichwani, meno yote inje. Amevaa kitenge yangu.

Sijaona bahari hata siku moja. Nimeona ziwa ya Changalele tu. Minye niliyepanda juu ya wagoni ya treni ya shaba na mimba ya miezi munane, ndiye anaogopa!

Siku ya Mungu, tarehe 18 Juni

Kisha misa kwisha, jamaa ilikutana kwetu. Niliweka foto juu ya meza. Georgine hakuinama hata kidogo. "Yaya, dada yangu mukubwa, minye si mama yake? Weye ulipolazwa na homa ya typhoïde, nani alimubeba mugongoni?"

Yomba, kaka ya mama yetu, ndiye mwenye neno ya mwisho. Akasema: "Kwetu mama mudogo ni mama. Hakuna mwizi hapa." Akanikumbusha ndoa ya Solange, binti ya Georgine. Nani alikaa kwenye kiti ya mama? Minye. Ni kweli. Na nilijivuna.

Lakini siku ile Georgine alikuwa anajua. Tulikaa sisi wawili, bega kwa bega. Minye sikumufungia nyumbani na uongo.

Nilisema hivyo. Yomba akaniambia ninyamaze, nisivunje jamaa. Hakuna hata mumoja aliyeuliza juu ya uongo.

Nimelisha Georgine uji kwa kijiko wakati mama yetu alikufa. Leo namuchukia. Mungu anisamehe ao asinisamehe.

Siku ya pili, tarehe 20 Juni

Mama Chantal amesikia. "Kumbe Didier iko na mama mbili, kama moteri!"

Nikalipa makala, nikarudi nyumbani.

Siku ya tano, tarehe 23 Juni

Nimeandika kwa Didier. Sijasoma sana, nimeharibu karatasi tatu. Sikuomba kitu. Nilisema tu: sikukataa, sikuiona karatasi, ningekuja kwa miguu. Nimeiweka ndani ya mukono ya dereva minye mwenyewe, nikangojea mpaka lori ikapotea.

Siku ya posho, tarehe 1 Julai

Hakuna jibu. Georgine amepita na kunisalimia kupitia uzio. Nimeendelea kufagia.

Siku ya tatu, tarehe 12 Julai

Jibu. Musitari mbili. Mama, sikujua. Nimepewa ruhusa, nakuja.

Nimelala muchana wote kama muntu aliyeshusha muzigo.

Siku ya kwanza, tarehe 17 Julai

Baba Didier amepaka chokaa ukuta ya mbele. Nimeloweka mihogo ya bukari, ugali yetu. Kuku mbili zinatosha, na sombe ya majani ya mihogo. Nimetuma muntu kwa yomba, na kwa wamama wa parokia. Mama Chantal vilevile, na mudomo yake.

Kisha nilipepeta unga.

Kisha nikatuma muntu kwa Georgine. Nimesema aje. Sikusema aketi wapi.

Watakuja wote siku ya posho, tarehe 22 Julai, siku Didier anafika, wamusikie yeye mwenyewe.