Chupa Saba za Mississippi

Jumatatu, 10 Novemba

Zamu ya asubuhi, nyumba ya wazee ya Tumba. Wazee wanane, mmoja kanitemea uji. Treni imechelewa. Nimefika nyumbani Hallonbergen saa kumi, giza tayari.

Zuhura ana kazi ya shule. Kila mwanafunzi aeleze jimbo moja la Marekani: jiografia, historia, utamaduni. Kapangiwa Mississippi. Ana miaka kumi na minne na kalichukia jimbo hata hajaliona kwenye ramani. Nimemwita mara nne aje kula. "Ja!" kila mara, ndiyo ya Kiswidi, na hasogei. Sisi mama akituita tulisema "abee" tukiwa tumeshasimama. Nasema naye Kiswahili, ananijibu Kiswidi. Nimechoka kugombana na ukuta.

Alhamisi, 13 Novemba

Jiografia, mezani, na chai. Magharibi kuna mto mkubwa, ndio mpaka wenyewe. Kusini jimbo linagusa bahari kidogo tu, na hapo padogo vimbunga vinapajua. Kaskazini-magharibi ni tambarare ya udongo mweusi. Mto ulifurika miaka na miaka, ukaacha rutuba. Rutuba ikaleta pamba. Zuhura kauchora mto kwa kalamu ya bluu. Kauchora vizuri.

Leo miezi minne tangu mama afariki, Pangani. Sikwenda kumzika. Kibali changu cha kuishi hapa kilikuwa kinahuishwa, ningetoka nisingerudi. Dada Saumu alikuwa kando ya kitanda cha mama. Anasema mama aliniita. "Mwanaisha." Akapumzika. "Mwanaisha." Ya tatu hakuifikia.

Na ni mama huyo huyo aliyetufundisha: ukisikia jina lako na humwoni anayekuita, usiitike mpaka mara ya tatu. Mtu wako ataita mara tatu. Kisicho mtu hakifikishi tatu. Zuhura sikumfundisha hilo. Niliona nitamjaza hofu bure.

Jumapili, 16 Novemba

Historia. Kwanza wenyeji: Wachoctaw, Wachickasaw, Wanatchez. Wakaondolewa kwenye ardhi yao. Watu weusi wakaletwa kwa minyororo kuchuma pamba. Vita, uhuru, halafu sheria za kubagua zilizokula uhuru wenyewe. Wengi wakapanda treni kwenda kaskazini, kwenye viwanda na baridi. Mama zao wakabaki barazani. Hapo niliacha kusoma, nikaenda kuosha vyombo.

Utamaduni. Muziki wa bluzi. Kambare wa kukaanga. Ua la magnolia. Na mti wa chupa: chupa za bluu zinachomekwa kwenye matawi, nje ya mlango. Roho inayotangatanga inavutwa na ile bluu, inaingia, inashindwa kutoka. Asubuhi jua linaiunguza. Wanasema mila hiyo ilivuka bahari na watu wa Kongo.

Zuhura kapenda hicho tu. Anataka kuutengeneza. Kazini nimepata chupa saba za bluu, za mvinyo wa wazee. Nimeziosha mara tatu, Mungu anisamehe. Zuhura kaokota tawi kavu la mti, kalisimamisha ndani ya ndoo ya mchanga, roshani. Unapendeza.

Jumatano, 19 Novemba

Chupa zinavuma. Sauti ya chini, mfano wa mtu anayewaza kwa sauti. Nimetoka kuangalia. Hakuna upepo. Moshi wa bomba la jengo la jirani unapanda wima.

Nilikuwa namenya viazi, Zuhura akatokea mlangoni mwa jikoni. "Abee," akasema.

Sikuwa nimemwita. Lakini abee! Nilifurahi nikasahau kumuuliza. Nimemkaangia mayai mawili.

Jumamosi, 22 Novemba

Kiswahili kutwa nzima. Si kile cha kuokoteza. Kiswahili cha Pangani, cha watu wazima. Nilijifunga kanga nikacheza jikoni.

Mchana nikapakua wali. Akauliza, "Mama, kawa liko wapi? Nzi wataingia."

Nzi, Novemba, hapa. Na kawa, kile kifuniko cha ukindu cha kufunikia chakula, sijalitamka miaka kumi na tano. Sina kawa. Mama alikuwa nalo.

Nikamuuliza nani kamfundisha neno hilo.

"Bibi."

"Bibi gani?"

"Bibi wa kwenye chupa. Ananiita mke mwenza."

Mama alimwita hivyo kwenye simu, utani wa bibi na mjukuu, wanagombea mume mmoja ambaye ni babu. Zuhura alikuwa hata haelewi. Anacheka tu, "Ja, ja."

Nimeogopa. Nikiri pia, nimeona wivu. Miezi minne naomba hata ndoto moja. Nilitoka roshani nikasimama mbele ya chupa mpaka masikio yakaniuma kwa baridi. Zikanyamaza.

Jumanne, 25 Novemba

Nimerudi saa tisa, mlango wa roshani wazi. Zuhura miguu peku juu ya kiti, kifua chote nje ya ukingo. Ghorofa ya saba. Nilimvuta kwa sweta tukaanguka wote wawili.

"Bibi kaniita nikamsaidie kuteka maji," akasema. "Kaita mara moja tu. Nikaitika."

Mara moja tu. Kosa ni langu. Nimefunga roshani na ufunguo nimeutia kwenye sidiria. Nimesoma Ayatul Kursiy mpaka sauti ikakauka. Huku ndani bado nazisikia zinavuma.

Alhamisi, 27 Novemba

Mwalimu kapiga simu. Zuhura kasimama mbele ya darasa, kaeleza mto, kaeleza pamba, vizuri kabisa. Alipofika kwenye mti wa chupa akahamia Kiswahili, akaenda nacho dakika kumi. Walipomuuliza maswali aliwatazama tu. Mwalimu anadhani ni msongo wa mawazo.

Jioni nimemsemesha Kiswidi, mimi, na Kiswidi changu cha kuchechemea. "Mama, unasema nini?" akaniuliza. Hakuwa anatania. Kazaliwa hapa huyu. Mwanangu anaondoka na yuko mbele yangu anakula ugali.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimemweleza Mama Espérance wa ghorofa ya tatu, mtu wa Bukavu, Kiswahili chake kimechanganyika na Kifaransa. Alipanda kuangalia. Hakuvuka kizingiti cha roshani.

"Chupa inashika, ni kweli," akasema. "Mais ni jua ndiyo inamaliza kazi. Hapa jua iko wapi, chérie?"

Roshani yetu inatazama kaskazini. Haipati jua mpaka masika. Tumetega mtego wa Mississippi mahali pasipo na asubuhi. Kilichoingia kimekaa humo humo, siku kumi na mbili, kinaita.

Nikamuuliza, na kama aliyeingia ni mama yangu? Mama Espérance kanishika mkono. "Basi ni mama yako. Lakini mtoto ni wa nani?"

Jumatatu, 1 Desemba

Mbingu nyeupe siku mbili. Leo zimefunguka. Nimepiga simu kazini nikasema naumwa.

Saa tano na nusu nimepanda mwambani, nyuma ya msitu, na mfuko wa chupa. Zilikuwa nzito kuliko zilivyoingia nyumbani. Jua liliinuka kidogo tu juu ya misonobari. Nikazilaza kwenye theluji moja moja. Kwa ndani zilikuwa na ukungu, wa pumzi. Ukungu ukapungua, ukapungua, ukaisha. Hakuna aliyelia ila mimi.

Nimelaza sita. Ya saba ilikuwa kifuani, ndani ya koti, imefungwa kanga. Nilikwenda na nia ya kuzilaza zote saba. Mkono ulikataa.

Jumanne, 2 Desemba

Nimemwita Zuhura aje kula.

"Ja!" Na hakusogea.

Nilikaa chini sakafuni nikacheka.

Ijumaa, 12 Desemba

Chupa ya saba iko kabatini, nyuma ya unga. Mlango wake umefungwa. Zuhura hajui, hasikii kitu, anagombana nami kwa Kiswidi. Alhamdulillahi.

Leo mchana, nikiwa peke yangu, nimesikia. "Mwanaisha."

Sikuitika.

Jumanne, 20 Januari

"Mwanaisha." Ya pili. Nilikuwa nakanda unga, nikabaki na mikono hewani.

Sikuitika. Ilinigharimu.

Jumapili, 8 Februari

Jua limerudi jikoni, upande wa kusini. Jengo la mbele hulizuia tangu Novemba. Leo limechungulia, ukanda mwembamba, nusu ya meza.

Nimetoa chupa, nimeifungua kanga, nimeiweka upande wa kivuli. Nikakaa. Chai ikapoa.

Akaniita. Ya tatu. Sauti yake ile ya uani, si ya mgonjwa.

"Abee, mama," nikasema.

Nilingoja aseme neno. Hakusema. Alitaka kuitikiwa tu, nadhani. Nikaisogeza chupa juani mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, nikaishikilia mpaka ukungu ulipokwisha.

Zuhura akauliza kutoka chumbani nazungumza na nani. Kwa Kiswidi. Nikamwambia nilikuwa namzika bibi yake. Akaja akakaa nami.