Jina Nililompa Mnyama

Jumatatu, 5 Juni 2006. Mwene-Ditu.

Miaka kumi na tatu na miezi miwili tangu nitoke Kolwezi. Nahesabu kila tarehe tano. Nimefagia uwanja. Nimeandika barua mbili za majirani wasiojua kuandika. Chai bila sukari.

Saa nne mfanyakazi wa reli akaleta bahasha. Safari hii ni yangu mwenyewe. Imetoka kwa mtu aitwaye Kapend, mwenye malori huko Kolwezi. Mimi simkumbuki. Yeye ananikumbuka. Amekodi ukumbi wetu wa zamani wa wafanyakazi, ameweka viti na mashine ya video. Tarehe kumi na nane anaufungua kwa filamu ya mjusi. Si ile ya zamani. Wameitengeneza upya huko ng'ambo, kwa rangi na kwa gharama ya kutisha. Inasema Kifaransa. Anataka niitafsiri kwa Kiswahili, nimeshika kipaza sauti, kama zamani. Watu wakipendezwa, kuna chumba nyuma ya ukumbi. Changu mpaka nife.

Nimeisoma mara nne. Muda wote huu nilikuwa nangoja mtu aniite nyumbani. Kwanza nilifurahi. Aibu ilikuja baadaye, baada ya saa nzima. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi, 8 Juni.

Jambo hili sijawahi kuliandika. Leo naliandika.

Ukumbini tulikuwa wawili. Mimi nilikuwa karani wa mgodi siku za kazi, na sauti ya filamu siku ya posho, ndivyo tulivyoita Jumamosi. Mulumba alikuwa juu, kwenye chumba cha mashine. Mimi mzaliwa wa Kabongo, mtu wa Katanga, ambako Kolwezi iko. Yeye wazazi wake walitoka Kasai, ingawa alizaliwa Kolwezi na hakujua kwingine. Ngalula, mke wangu, naye alikuwa wa Kasai.

Filamu ya mjusi tuliionyesha kila mwaka. Mjusi mkubwa kuliko kanisa anavuliwa kwenye ziwa la mbali, analetwa mjini kwa meli, anakata minyororo, anakula kila kitu. Mwishowe anafukuzwa kwa moto mpaka baharini. Kazi yangu ilikuwa kuwapa watu wa filamu majina ya kwetu. Nahodha nilimwita chefu wa karakana, yaani msimamizi wetu wa mgodini. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

Mwaka ule wa mwisho, mikutanoni wanasiasa walikuwa wakisema watu wa Kasai warudi kwao. Vijana walianza kusimama mbele ya nyumba yangu kwa sababu ya Ngalula. Jumamosi moja nikamwita mjusi Tata Mulumba, yaani Mzee Mulumba. "Tata Mulumba amekuja kumaliza posho yetu!" Ukumbi ulilipuka. Mwishoni, moto ulipowaka, nikauliza aende wapi. Wakajibu wote: "Kwabo!" Nilirudia Jumamosi tatu. Nilidhani nikiwachekesha wataipita nyumba yangu.

Hawakuipita. Walianza kwa Mulumba, wakiimba maneno yangu. Siku tisa baadaye wakaja kwa Ngalula, nami nikamfuata. Tulilala kituoni wiki nyingi tukingoja mabehewa. Ngalula amezikwa hapa. Hakuwahi kuingia ukumbini. Sikumwambia.

Mulumba anakaa mtaa wa pili, anatengeneza redio. Tunasali pamoja. Hapa Kasai wote wanasema Tshiluba. Sisi wawili tunasema Kiswahili cha Kolwezi. Jambo lile hajalitaja hata siku moja. Nimejiambia kwamba mashine yake ilikuwa na kelele, hakusikia.

Leo nimemwambia naenda Kolwezi kufuatilia karatasi za pensheni. Uongo. Akaniomba nipite kwenye kaburi la mama yake.

Jumatano, 14 Juni. Kolwezi.

Siku nne njiani. Mgongo umekufa. Baridi ya asubuhi, vumbi jekundu puani. Miti ya barabara ya ofisi wameikata ikawa makaa. Mitambo imelala. Pale palipokuwa na mashine, sasa wanaume wanachimba kwa mikono na kusukuma magunia juu ya baiskeli. Kituoni nilipita haraka. Ukuta tuliolala chini yake sikuutazama.

Kapend hajafika miaka thelathini. Alinikumbatia katikati ya njia. "Tata! Sauti yetu! Njo weye kweli?" Akanilisha bukari, ugali wa kwetu, na samaki. Nilikula vizuri kuliko siku zote za mwaka huu. Niliona haya kwa jinsi nilivyokula.

Ijumaa, 16 Juni.

Tumeitazama filamu, Kapend na mimi tu. Ni ndefu mno. Meli peke yake inachukua muda wa misa. Lakini nilishangaa. Mjusi wa zamani alikuwa mwanasesere. Uliweza kuona mahali mkia ulipounganishwa. Huyu anapumua. Magamba yanalowa na kukauka. Ana makovu. Fedha zote zile, na bado watu wa ziwani wanaonyeshwa kama zamani: wamepakwa rangi, wanatoa meno, hawana jina hata mmoja. Hapo hawakutengeneza kitu upya.

Ilipokwisha Kapend akasema, "Mujusi utamwita vile vile, eh? Tata Mulumba. Batu banangojea ile."

Nikasema majina yanaweza kubadilika.

"Haina, tata! Bila ile, ni filamu tu. Mi nilikuwa na miaka kumi na sita, nilikuwa pa mbele. Tuliimba ile mpaka kwake."

Nikamuuliza kama anamkumbuka Mulumba mwenyewe.

"Ule wa mashine? Eh. Alikuwa na televizyo muzuri. Tuliibeba."

Alisema bila ubaya, kama anayekumbuka mechi ya mpira. Ningeweza kusema kitu. Mwezi ujao ni uchaguzi, na sokoni leo nimesikia tena watu wakiulizana nani mwenyeji, nani mgeni. Niliomba maji ya kunywa.

Jumamosi, 17 Juni.

Nimepanda kwenye chumba cha Mulumba. Mashine haipo, wameiuza kama chuma. Tundu la ukutani liko palepale.

Nilikaa pale na kukumbuka kazi yetu. Mashine ilikuwa moja. Filamu ilipokaribia kuisha kwenye bobini, lile gurudumu inalozungushiwa, mimi nilikuwa nikisema kwenye kipaza sauti, "Tukohoe kidogo." Hapo Mulumba alizima, akawasha taa za ukumbi, akaweka bobini nyingine. Hakukuwa na kengele wala ishara nyingine. Alikuwa akifuata kila neno langu, akingoja hayo mawili. Miaka kumi na moja hakuchelewa. Jumamosi zile tatu hakuchelewa.

Alisikia yote. Nami nilijua siku zote. Kelele za mashine nilizitunga mimi.

Jumapili, 18 Juni.

Saa tisa mchana. Viti vilijaa, wengine wakakaa madirishani. Baada ya dakika tano sauti yangu ya zamani ikarudi. Chefu wa karakana alipotokea walipiga makofi kabla sijamaliza jina lake. Wazee kwa vijana. Nilikuwa mtu tena.

Mjusi akatoka majini. Halafu sauti ya mtu mzima kutoka nyuma: "Tata, jina lake!" Wengine wakadakia. "Jina! Jina!" Wanawake pia.

Nilimwita mnyama. Wakazomea.

"Muzee amesahau!"

"Hajasahau, anaogopa!"

"Mumupatie bukari ingine!"

Sasa walikuwa wananicheka mimi.

Nililisema. Mara moja. Tata Mulumba.

Ukumbi ulilipuka vilevile. Nami nilisikia raha, hapa kifuani, kwa pumzi moja au mbili. Hakuna aliyesimama mlangoni kwangu na panga. Ngalula hayupo wa kulindwa. Sikuwa na kisingizio chochote ila kutaka kupendwa.

Kisha picha ikasogea mpaka jicho la mnyama likajaa ukutani. Jicho la njano, lenye unyevu, lililotazama watu wakimcheka. Nikaweka kipaza sauti chini. Nikatoka kwa mlango wa pembeni. Hawakunihitaji. Nilipofika njia ya soko niliwasikia: "Kwabo! Kwabo!"

Jumatatu, 19 Juni.

Kapend hakukasirika. "Ulichoka tu, tata. Safari ni mingi. Siku ya posho utafanya muzuri zaidi." Ameweka ufunguo wa chumba mezani. Nimekiona. Kitanda, meza ya kuandikia, dirisha linaloelekea njia niliyoipita kila asubuhi nikienda kazini. Nakitaka chumba kile. Naandika wazi: baada ya jana, bado nakitaka.

Nimeenda makaburini. Kaburi la mama yake Mulumba nimelipata baada ya kutafuta sana. Nimeling'olea majani. Nilijaribu kusali. Hapana.

Ufunguo nimeuacha mezani. Sikukataa. Nimemwambia nitaandika. Mwoga.

Jumapili, 25 Juni. Mwene-Ditu.

Baada ya misa nimemfuata Mulumba mpaka kwake. Alikuwa amefungua redio ya jirani. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Ya zamani, halafu ya Jumapili iliyopita. Hakuinua kichwa.

"Mi minajua," alisema. "Njo mi nilikuwa nabadilisha bobini."

Nikamuuliza kwa nini hakuzima mashine.

"Ningezima, bangepanda juu."

Akafunga skrubu moja, mbili. Halafu akanitazama. "Na hii ya juzi. Nani alikushika koo?"

Nikasema hakuna.

"Hakuna." Alilirudia taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. "Ile ya zamani nilikusamehe juu ya Ngalula. Nilijua unaogopa. Hii mupya, sina kitu ya kukupatia."

Akaokota skrubu nyingine.

"Na kaburi ya mama?"

Nikasema nimeling'olea majani.

"Aksanti. Sasa enda."

Nimekwenda. Sikulia. Nilitaka kulia, lakini niliona kwamba hata hilo lingekuwa kumwomba kitu.

Jumatano, 28 Juni.

Hakuna. Nimeandikia watu barua. Nimekosea anwani mara mbili.

Jumapili, 2 Julai.

Misa ya kwanza. Kwa kawaida Mulumba hukaa kando yangu. Leo amekaa karibu na mlango. Hakunikwepa. Hakunitafuta. Wakati wa kupeana amani alimpa mkono mtu wa mbele yake na wa nyuma yake, na nafasi kati yetu ilikuwa kubwa, sikuivuka. Ni haki yake.

Mchana nimemwandikia Kapend. Nimemwambia kwamba jina alilolipenda ni la mtu aliye hai, aliyezaliwa Kolwezi kama yeye. Kwamba nililiweka juu ya mnyama kwa woga, na mwezi uliopita nikaliweka tena bila hata woga. Nimemwomba asiliruhusu ukumbini, hasa mwezi huu. Sijui kama atasikia. Chumba ampe mwingine.

Barua imekwenda na treni ya jioni. Nimekaa nje kidogo, nimeota jua la mwisho. Mtoto wa jirani anajifunza kuhesabu kwa Tshiluba, anaruka saba kila mara.

Kolwezi sitarudi.