Gurudumu la Nyuma Linacheza

Mpendwa Shangazi,

Naomba msaada wako, na unisamehe kama mwandiko unarukaruka, maana naandika nikiwa kwenye kaunta ya duka la mikate ninakouza, natabasamu peke yangu kama chizi na wateja wananitazama. Nimeolewa, Shangazi! Huu ni mwezi wa pili, na bado nikisikia mtu anaita "mke wa fundi friji" nageuka kumtafuta huyo mwenye bahati, kumbe ni mimi.

Sasa tatizo langu ni gurudumu la nyuma la baiskeli. Usicheke, au cheka kwanza halafu usome. Mume wangu ana baiskeli ya umeme, mota yake iko katikati ya gurudumu la nyuma na betri iko chini ya keria, na kila asubuhi ananipakia kwenye hiyo keria ananipeleka kazini kabla ya kwenda kutengeneza mafriji ya watu, mkoba wake wa vifaa unaning'inia upande mmoja, mimi nimekaa miguu yote upande wa pili kama malkia, sikio langu mgongoni kwake, nasikia moyo wake ukidunda na mota ikiimba chini yetu mpaka sijui kipi ni kipi. Hapo ndipo tunapoongea. Maana nyumbani tunaishi na mama mkwe na mawifi wawili, ukuta wa chumba chetu ni wa mbao, ukipiga chafya huku unaambiwa pole kule, na mama mkwe hapiti ukumbini bila kukohoa, kho kho, hadi namwambia mume wangu tunachungwa kama mbuzi waliowahi kuingia shamba la jirani. Kwa hiyo ndoa yetu yote, siri zetu, majina ya watoto (tumeshafika wa nne), hata ugomvi wetu wa kwanza, vimefanyika juu ya keria. Wenzetu wana sebule, sisi tuna baiskeli.

Basi, siku chache baada ya harusi gurudumu likaanza kuyumba, kushoto kulia, kushoto kulia, tukapita kwa fundi baiskeli, akaliinua, akalizungusha kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Shemeji, hili linacheza."

"Liache licheze," nikamjibu, "lina harusi!"

Mume wangu alicheka akashika ukuta, mimi nikajiona bingwa wa maneno, tukapanda tukaenda zetu. Fundi akabaki anatupigia kelele, "Nyie! Nasema spoki zimelegea!" na sisi tukampungia mkono. Tangu hapo limekuwa neno letu la mapenzi. Akitaka kuniambia ananipenda mbele za watu anauliza tu, "Mke wangu, linacheza?" nami najibu, "Linacheza sana," mawifi wanatazamana.

Halafu spoki zikaanza kukatika, tang, moja leo, nyingine kesho kutwa, na mume wangu kwa kuwa naye ni fundi hakutaka kurudi kwa fundi mwenzake, akachukua waya wa rafu ya friji bovu akaunganisha palipokatika, akaukaza kwa koleo, akaniambia, "Waya huu umebeba masufuria ya watu miaka nenda rudi, utashindwa na wewe kipenzi?" Nikaona duniani hakuna mwanaume kama huyu. Na nikwambie ukweli, kila likiharibika nafurahi moyoni, kwa sababu tunashuka, tunasukuma, njia inakuwa ndefu, na yeye anashika usukani kwa mkono mmoja na kunishika mimi kwa mwingine.

Juzi tunashuka mteremko wa shule, namsimulia ndoto niliyoota, nikasikia tang tang tang kama mtu amemwaga vijiko, gurudumu likapinda kama kifuniko cha sufuria kilichokaliwa na mtu mnene, tukaruka hadi kwenye majani, yeye chini mimi juu yake. Nikamuuliza kwa kilio, "Umeumia?" Akafumbua jicho moja. "Mke wangu," akasema, "linacheza?"

Tulicheka pale chini mpaka watoto wa shule wakaja kutazama. Lakini kiwiko kimechubuka, na mkono wa kulia umevimba, hata bisibisi hawezi kuishika.

Nyumbani mama mkwe alimfunga kitambaa mkononi. Wifi mkubwa yeye akanitania: "Wifi, ndoa imekunawirisha, chuma sasa kinaomba huruma!" Tukacheka wote, hata mimi, ila mama mkwe hakucheka. Alinitazama akasema, "Mwanangu, Jumatatu panda basi." Mume wangu naye akaninong'oneza kwamba ataongeza waya wa rafu nyingine na Jumatatu tutapanda wote kama kawaida.

Shangazi, nifanye nini? Nikipanda basi, nimepoteza chumba chetu cha pekee, tutaongea wapi? Nikipanda keria, nimemkaidi mama mkwe ndoa ikiwa bado mbichi. Na mapenzi haya jamani yamenijaa mpaka yananimwagika, siwezi kuyaweka kimya kimya nyuma ya mbao. Nisaidie.

Ni mimi,
Bibi Harusi wa Keria


Bibi Harusi wa Keria,

Hongera kwa ndoa, na pole kwa mgonjwa. Nimecheka, kisha nimekasirika, sasa nakujibu haraka kabla sijacheka tena.

Binti yangu, fundi alipokuambia linacheza hakuwa anakusifu. Alikuwa anakuonya, na wewe ukamrudishia mzaha, ukampungia mkono. Hebu tuhesabu pamoja: mota iko nyuma, betri nyuma, mkoba wa vyuma nyuma, bibi harusi nyuma tena kakalia upande mmoja. Mbele kuna nini? Kengele. Hata punda angekaa chini. Na huyo mumeo mwambie kwa mapenzi yote kwamba waya wa rafu ni wa kubebea masufuria yaliyotulia, haukuumbwa kuzunguka na mtu anayesimulia ndoto mteremkoni. Safari hii mmeangukia majani. Majani hayapo kila mahali.

Mkono uliovimba kwanza. Mpeleke hospitali leo, si Jumatatu. Anaishi kwa mikono ile, na wewe pia.

Kisha rudini kwa yule fundi baiskeli, mumwombe radhi, na mumwache afanye kazi yake: ringi mpya imara, spoki nene zote mpya, nati za ekseli zikazwe sawasawa maana mota ina nguvu ya kuzilegeza. Baada ya siku chache za kuendesha mrudishieni azikaze tena, kwa kuwa spoki mpya hujilegeza kidogo zinapozoea mzigo. Mkoba wa vifaa uhamie kwenye kikapu cha mbele. Na mwulize fundi swali hili, ukae kimya usikilize jibu: keria hii inabeba mtu mzima au inabeba mzigo tu? Akisema mzigo tu, umeshuka, malkia, na usinitafutie maneno. Mnataka kupanda wawili? Wekeni akiba mnunue baiskeli iliyotengenezwa kwa watu wawili.

Kwa hiyo Jumatatu unapanda basi, kama mama mkwe alivyosema.

Sasa nije kwa huyo mama, maana naona gurudumu mmelielewa vibaya na yeye mmemwelewa vibaya zaidi. Mnasema anawachunga kwa sababu anakohoa akipita. Binti yangu, mtu anayetaka kusikiliza hakohoi. Ananyata. Mama yule anakohoa ili mjue anakuja, mmalize neno lenu, mcheke, mnyamaze mkitaka. Anawapisha ndani ya nyumba yake mwenyewe, na koo lake limeshakauka kwa ajili yenu. Na hilo basi, hakukupangia ili akutenganishe na mumeo. Ameona mwanawe amevimba mkono, ameona na wewe ungeweza kuvunjika.

Leo jioni mpikie chai, ukae naye wawili tu. Mwambie, "Mama, nitapanda basi, nami nimesikia kikohozi chako, ahsante." Mwambie pia mnahitaji nafasi ya kuongea, bila kuzungukazunguka. Ninavyomwona mama huyo kwenye barua yako, huenda atawachukua mawifi sokoni kila Jumamosi na nyumba itabaki yenu. Na jioni za katikati ya wiki, mumeo akusubiri kituoni mrudi kwa miguu. Kutembea mkisukuma baiskeli mmeshazoea.

Msiache kucheka. Nyumba nyingi zina magurudumu mazima na hazina kicheko. Lakini yeye akikuuliza tena mbele za watu kama linacheza, mwangalie usoni umjibu: "Moyo, ndiyo. Gurudumu, hapana."

Shangazi