Kitone Chini ya Madabodi

Kwako kaka yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na wanangu wawili, na kwamba wateja hawajakupungukia dukani. Sisi huku hatujambo. Mguu wa mama umepungua uvimbe, sasa anatembea mpaka mlangoni na kurudi bila kushika ukuta, na akifika mlangoni lazima amgombeze mpita njia mmoja, kwa hiyo ujue amepona. Wakati huu amekaa dirishani anakunja nguo, na kila baada ya dakika chache ananiuliza kama nimeshaandika salamu zake. Nimemwambia zinakuja mwishoni.

Najua utashangaa. Mimi na wewe hatujaandikiana tangu ulipokuwa shule ya bweni, na simu tunazo wote. Lakini kwenye simu, kaka, una maneno. Ukicheka nacheka, ukipandisha sauti nanyamaza, na tukimaliza najikuta mimi ndiye niliyeomba radhi. Karatasi haikatizwi. Kwa hiyo kaa usome mpaka mwisho, na usimpe wifi akusomee.

Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia kwamba naacha kazi. Miaka sita nimechora nyumba za watu katika ofisi ile, meza yangu imebanana na mashine ya nakala inayonipulizia joto mgongoni, na kila mchoro ukitoka una jina la bosi. Mama Mhandisi, yule anayesimamia majengo ya shule, akagundua mkono ni wangu. Aliniita pembeni akaniambia kuna bweni la wasichana la ghorofa mbili, na kama naweza kumletea michoro yote mwisho wa mwezi, pamoja na picha za kuonyesha jengo litakavyokuwa, basi na kazi zitakazofuata zitakuwa zangu. Nikaaga ofisini. Kompyuta yao nikaiacha mezani, nikarudi nyumbani na rula, penseli na kichwa changu.

Ndipo tukaanza kuchagua vifaa vya kompyuta yangu mpya kutoka dukani kwako, mimi na wewe, karibu wiki tatu. Nilikuwa nimeng'ang'ania prosesa kubwa kuliko zote ulizokuwa nazo, maana ndiyo ubongo wa kompyuta. Ulinicheka ukasema nafanana na mtu anayenunua injini ya lori akaifunge kwenye baiskeli. Ukanieleza kwamba prosesa ni mpangaji na madabodi, ule ubao unaobeba kila kifaa, ndiyo nyumba. Mpangaji anahama, anakuja mwingine, lakini ukikosea nyumba umekosea kila kitu. Ukaniambia nitazame kwanza soketi, pale prosesa inapokaa, maana si kila prosesa inaingia kila soketi, na nitazame kama madabodi yenyewe inaweza kupeleka umeme wa kutosha prosesa ikikazana saa nyingi. Nichukue prosesa ya kati na madabodi nzuri, ulisema, ili siku nikipata kazi kubwa zaidi nibadilishe prosesa tu. Nilikuelewa mara moja, mimi mtu wa nyumba. Ushauri ule ulikuwa sahihi mpaka leo, na ndiyo maana umeniuma zaidi. Mwisho ukanipigia simu kwamba umeniwekea madabodi moja mpya, haijafunguliwa, umeifungia kabatini wateja wasiione.

Ukinieleza mambo hayo nilikuwa namsikia baba. Unaikumbuka meza yake ya kutengenezea redio, ile yenye mguu mmoja uliofungwa waya? Kila kifaa kilichopita kwenye lehemu yake kikapona, kabla hakijarudi kwa mwenyewe, kilitiwa kitone cha rangi ya kucha ya mama, ile nyekundu ya kuiva, upande wa chini karibu na tundu la skrubu. Kazi ya kutia kitone ilikuwa yangu kwa sababu nilikuwa na kidole chembamba, na ndipo ukanibatiza jina la Kitone. Baba alikuwa akisema kilichopona kisijifanye hakijawahi kuugua. Mtu akija kununua, anageuziwa, anaonyeshwa, anapunguziwa bei, anaondoka na roho yake nyeupe. Nilipokuja kukutembelea niliiona chupa ya rangi ile ile kando ya lehemu yako, nikajisikia vizuri sana, nikajua baba hajafa kabisa.

Mzigo ulifika salama. Niliupeleka kwa Fundi Miwani, yule jirani wa nyumba ya tatu anayefanyia kazi barazani, ambaye miwani yake ameifunga uzi ili isidondokee ndani ya kompyuta za watu. Alinawa mikono kabla hajagusa kitu. Aliposhika prosesa aliitafuta ile pembetatu ndogo ya pembeni, akaioanisha na ya kwenye soketi, akabana pumzi, akaiachia ikae yenyewe bila kuisukuma, na mimi nikabana pumzi pamoja naye. Kabla ya kuifunga madabodi aliigeuza, akaitazama kwa muda, akaniuliza nimeinunua wapi. Nikamjibu kwa maringo, kaka, kwamba imetoka kwa kaka yangu wa tumbo moja. Akasema haya, akaendelea kukaza skrubu.

Siku kumi kompyuta ilikwenda kama ndoto. Nilimaliza msingi, kuta, vyumba vyote vya chini. Siku ya kumi na moja, saa sita mchana, naitaka initolee picha ya ngazi, ikazima. Nikawasha, ikazima. Ikawa kila ikipewa kazi nzito inakata roho, nikiiacha inapumzika kwa barua za kawaida ni nzima kabisa, mgonjwa wa kuchagua kazi. Nilibadilisha pawa inayoilisha umeme, nikaazima memori, nikasafisha feni, nikapaka upya ile dawa ya kupozea juu ya prosesa. Wewe kwenye simu ulinisikiliza vizuri, kisha ukaniambia maneno haya, nayakumbuka yote: kwamba kutoka kwako imetoka mpya, kwa hiyo kama si mpya tena basi mtu aliyeifunga ameibadilisha, kwamba mafundi wa barazani huo ndio mchezo wao, na kwamba nisiende kumnong'oneza, niende mbele za watu asipate pa kujificha.

Nikaenda. Nilichagua saa ambayo baraza lake limejaa. Nilimwita mwizi, kaka. Mimi ambaye nikikanyagwa mguu ndiye ninayesema samahani. Alivua miwani akaifuta kwa shati, akaniuliza kama kweli ni mimi ninayesema maneno hayo, nikarudia kwa sauti ya juu zaidi. Akaniomba nirudi kesho yake nikipoa, tuifungue pamoja. Nikamwambia sina la kufungua na mwizi. Mwalimu mkuu wa sekondari alikuwepo, amekuja kuangalia kompyuta za shule alizokuwa amemkabidhi. Jioni ile ile gari likaja likazibeba zote, na wateja wengine wakafuata mkumbo. Tangu hapo baraza lile lina kiti kimoja na mtu mmoja.

Mwisho wa mwezi ulifika bweni langu halina ngazi. Mama Mhandisi hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alisema tu kwamba wasichana wale hawawezi kuingia ghorofani kwa kuruka, akampa kazi mchoraji mwingine. Kazi ya zamani nimeshaiacha, kazi mpya nimeshaikosa. Mama sikumwambia, nimemdanganya kwamba michoro imepelekwa wizarani na wizarani huwa wanachelewa.

Sasa sikiliza. Niliifungua ile kompyuta mwenyewe, asubuhi moja mama akiwa kwenye mazoezi ya mguu. Nilitaka namba iliyochapwa kwenye madabodi, nikutumie, ulinganishe na ya kwenye vitabu vyako, tumkamate Fundi Miwani kwa ushahidi. Nikatoa skrubu moja moja, nikainyanyua, nikaigeuza. Karibu na tundu la pembeni kulikuwa na kitone chekundu.

Nilikaa chini sakafuni. Nilikigusa kwa kidole, maana mwanzoni nilidhani ni uchafu. Halafu nikaona lehemu ya mkono pale umeme unapoingilia prosesa, safi, ya mtu anayejua kazi, nikajua ni wewe. Hakuna fundi mwingine duniani anayetia kitone cha rangi ya kucha chini ya madabodi. Uliitengeneza, na mkono wako ukafanya kama baba alivyoufundisha, bila kukuuliza, kisha kichwa chako kikaifunga na kuniambia kwamba ni mpya. Mkono wako ulikuwa mwaminifu kuliko wewe.

Hata hivyo nilikutetea. Nilijiambia labda umechanganya maboksi, labda ni kijana wa dukani, labda hivi, labda vile. Nikampigia wifi nikijifanya namsalimia. Maskini wifi, kabla sijauliza lolote akaanza kunishukuru. Alisema moyo wangu ni wa pekee, kwamba ofisi moja kubwa ilitaka madabodi kumi na ninyi mlikuwa nazo tisa, na kama nisingekubali kuwaachia ile yangu ya kabatini nikachukua hiyo iliyotengenezwa, mngempoteza mteja yule. Kumbe nilikubali! Ulimwambia nimekubali. Nikamjibu wifi kwamba si kitu, sisi ni ndugu, nikakata simu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami siku zote nilidhani wanazungumzia nguo za watu wengine.

Kwa nini hukuniambia, kaka? Ungenipigia ukasema mdogo wangu, nimebanwa, ngoja wiki mbili, ningengoja. Ungesema chukua hii ina kitone, usiipe kazi nzito mpaka nyingine ije, ningeichukua, ningechora taratibu, ningemaliza. Sikasiriki kwamba ulimpa mteja haki yangu. Nimekasirika kwamba ulinifanya mjinga, na mjinga wako ukamtuma akamchinje mtu asiye na kosa.

Nina jambo la kuungama, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Unakumbuka nilikupigia tena, nikakuuliza mara tatu? Mara ya kwanza nilikuuliza kama una hakika ilikuwa mpya. Mara ya pili kama haiwezekani maboksi yalichanganyika. Mara ya tatu nikakuambia kwamba hata kama kuna lolote, mimi ni mdogo wako, sitakasirika. Ukaapa kwa kaburi la baba. Wakati unaapa, madabodi ilikuwa mapajani mwangu, imegeuzwa, kidole changu kipo juu ya kitone. Nami nikasema sawa kaka, nimekuamini.

Baada ya hapo nilinyamaza siku tisa. Nilijua Fundi Miwani si mwizi, nikapita mbele ya baraza lake siku tisa nikiangalia upande wa pili, kwa sababu kumsafisha yeye ilikuwa ni kukuchafua wewe. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kutoka juu ya mlima. Siku hizo tisa tulikuwa wezi wawili.

Juzi nilikwenda, mama akiwa kwenye mazoezi yake, saa ile ile ya kujaa watu, ingawa hakukuwa na watu. Nilisimama barabarani nikasema kwa sauti mpaka majirani wakatoka, kwamba niliyemwita mwizi siye, kwamba madabodi ilikuja kwangu ikiwa imeshatengenezwa, na aliyeituma ni kaka yangu. Nililia, sikufichi. Fundi Miwani hakunikumbatia wala kuniambia yamekwisha. Aliniambia kwamba siku ya kwanza alipoigeuza aliiona lehemu, akadhani mimi na kaka yangu tumeelewana. Na nilipokuja kumtukana akadhani tumeelewana zaidi, tunamtafutia sababu atulipe mpya. Akasema maneno yangu ameyasikia, ila mwalimu mkuu hatarudisha kompyuta za shule kwa machozi ya mteja. Mwalimu anamtaka aliyeiuza aseme mwenyewe.

Kwa hiyo sikuombi madabodi nyingine. Ukinitumia nitairudisha na boksi lake. Naomba uandike karatasi moja kwa mkono wako, kwa mwalimu mkuu, useme uliyoyafanya, kisha uje nayo mwenyewe na umkabidhi Fundi Miwani pale pale barazani, mchana. Hiyo yangu nimeiweka kwenye boksi nakurudishia pamoja na barua hii. Nimeongeza kitone cha pili, kwa chupa ya mama, pembeni ya chako. Unakumbuka baba alisema vikiwa viwili maana yake nini: hiki kisiuzwe tena kwa mtu.

Mama hajui lolote, na mimi sitamwambia. Hilo nakuachia wewe utakapokuja, maana ni lako. Nisalimie wifi kwa moyo wote, hana kosa. Wabusu watoto, waambie shangazi yao anawapenda, na yule mdogo nitamchorea nyumba ya paka kama nilivyomwahidi. Nikutakie afya njema, kaka, na usingizi.

Mama ameuliza tena kuhusu salamu zake. Anasema anakushukuru sana kwa kumchagulia mdogo wako kompyuta nzuri, na kwamba baba yenu, popote alipo, anajivunia mwanawe. Nimeandika kama alivyosema.

Ni mimi mdogo wako,
uliyekuwa ukimwita Kitone.